Jembe Langoni kwa Saada

Atupakisye aliliona jembe kabla hajaliona lango. Ulikuwa mwezi wa saba, na ukungu wa upande wa ziwani ulikuwa umelala juu ya migomba, ule unaomfanya mtu asikie ng'ombe akicheua asimwone ng'ombe mwenyewe. Mkononi alishika bakuli la bati lenye mfuniko, lina maziwa ya asubuhi. Kila Alhamisi alimpelekea Saada maziwa, na Saada alilirudisha bakuli lile likiwa na kitu ndani, leo majani ya chai, kesho kipande cha sabuni, siku nyingine sindano tatu zimechomekwa kwenye kitambaa. Walianza hivyo tangu Naseeb, mume wa Saada, alipokuwa hai na cherehani yake inasikika mpaka kisimani.

Jembe lilikuwa limesimamishwa katikati ya njia, mpini umezamishwa ardhini, bamba liko juu, limelowa umande. Atupakisye alilitambua. Lilikuwa la Naseeb, lenye mpini uliofungwa waya pale ulipopasuka. Lilipaswa kuwa limelala ghalani pamoja na majembe ya nyumba nyingine zote za kitongoji, yakisubiri msiba.

Alitazama kulia na kushoto. Kisha, badala ya kubisha hodi, aliliweka bakuli chini ya ua, akageuka, akarudi alikotoka kwa haraka ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau. Nusu ya njia alijikuta analia, na hakujua analia kwa ajili ya Saada au kwa ajili yake mwenyewe.

Maana ya jembe lile kila mtu wa pale Masoko aliijua tangu yaliyompata Lazaro. Lazaro alikuwa ameuza kahawa yake kwa Saad, mtoto wa Saada, ambaye msimu ule alinunua kwa niaba ya kampuni moja binafsi ya mjini. Asubuhi moja akakuta jembe lake limesimama langoni. Akacheka, akaling'oa, akaenda nalo shambani. Siku nane baadaye mtoto wake wa kike akafa kwa homa. Hakuna mwanamke aliyekwenda kulia. Hakuna mwanamume aliyekwenda kuchimba. Lazaro na mdogo wake aliyetoka Kisondela walichimba wawili tu, mvua ya manyunyu inawapiga, na watu waliokuwa wakipita barabarani walitazama miguu yao wenyewe. Atupakisye alikuwa mmoja wao. Siku ya tatu Lazaro alikwenda kumpigia Ambindwile magoti, akarudishiwa nafasi ya jembe lake ghalani. Tangu hapo hakucheka tena.

Huyu Ambindwile hakuwa mtu wa kelele. Watu wasiomjua wangedhani ni jitu la kufoka, lakini alikuwa mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee ili umsikie. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpimaji wa kahawa wa chama cha ushirika. Alijua kila nyumba inaleta magunia mangapi, na nani anaanika vizuri, na nani anaficha mawe chini. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima na magari yao, ghala la ushirika likabaki na mzani wake umening'inia bila kazi, na Ambindwile akabaki chini ya mzani.

Halafu vifo vikaja. Vijana waliokwenda Mbeya na Dar es Salaam walirudi wamekonda, wakalala kitandani kwa mama zao, wakaondoka. Mwaka mmoja kitongoji kilizika tisa, wote chini ya miaka arobaini. Watu walichoka mpaka kulia wakalia kwa zamu. Ni Ambindwile aliyesimama akapanga mambo. Alianzisha chama cha kuzikana, kila nyumba ilete jembe moja ghalani, kila kifo kiwe na wachimbaji wake, wabeba kuni wake, wapishi wake. Alifagia uwanja wa ghala kwa mikono yake. Kusema kweli, watu walimpenda, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali. Aliuliza taratibu, baada ya sala, watu wakiwa bado na udongo wa kaburi viatuni.

"Zamani tulizika wazee," alisema siku moja. "Sasa wazee wanazika watoto. Katikati hapa ameingia nani?"

Hakumtaja mtu. Aliwaacha watu wageuze wenyewe shingo zao kuelekea bati jipya la stoo ya Saad, ambako madereva wa malori hulala.

Atupakisye alikuwepo siku ile, na alipiga makofi. Mwanawe Asukile alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani kwenye chai, amerudi nyumbani na godoro na redio isiyo na betri. Kwa miezi sita Atupakisye alikuwa akijiuliza usiku na mchana alikosea wapi. Aliposikia kwamba kosa si lake, kwamba kuna mtu amelileta na gari, moyo ulitulia. Hilo ndilo aliloona haya kulikumbuka baadaye, kwamba moyo ulitulia kabisa, kama mtoto aliyenyonya.

Jembe la kusimamishwa langoni lilikuja baada ya hapo. Ambindwile alisema ni mila ya wazee, imesahauliwa tu. Vijana walifurahi kusikia kwamba wana mila ambayo hawakuijua. Wazee waliobaki walikuwa wachache, na waliosikia vizuri walikuwa wachache zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji alishikwa na mafua kila siku ya mkutano. Atupakisye alijua kwamba hakuna jambo la namna hiyo. Alizaliwa pale, akaolewa pale, amekula kwenye misiba mingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwa mumewe. Jembe lilikuwa jembe. Lililala chini, watu wakalipokezana, likaoshwa, likarudi kwa mwenyewe. Lakini hakusema, kwa sababu ndani ya nyumba yake Geresoni alikuwa anakufa.

Geresoni, mumewe, alikuwa na kifua tangu masika. Sasa hakuweza hata kukaa bila kuegemea gunia la pumba. Alikuwa mtu wa utani maisha yake yote, na utani ulikuwa kitu cha mwisho kumtoka, lakini kuna jambo moja hakulitania. Alitaka alazwe kwenye migomba, ubavuni kwa baba yake, na watu wawepo.

"Nizikwe na watu, mama Asukile," alikuwa akisema. "Nisizikwe kama mbwa wa barabarani."

Alhamisi ile ile mchana, Saada alikuja. Alipitia nyuma, kwenye migomba, khanga mbili zimemfunika mpaka machoni. Hakuwahi kupita nyuma maishani mwake. Alikuwa na bakuli la bati, limeoshwa, ndani kuna majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi. Aliketi kwenye kigoda karibu na mafiga, akauliza hali ya mgonjwa, akajibiwa. Kisha akatazama moto.

Chumba cha pili kulikuwa na Asukile. Alikuwa anachonga mpini mpya wa jembe lao, na sauti ya kisu ilisikika ikikwangua mti. Saada alipoanza kusema, sauti ile ilikoma.

"Mama Asukile," Saada alisema, "mimi nina swali moja tu. Saad anataka tuondoke, mimi nimekataa. Nimeishi hapa kuliko nilivyoishi Kilwa. Naseeb amelala pale juu. Kama hili jambo ni la Ambindwile, nitakaa, aniue. Lakini wanasema ni mila yenu ya tangu zamani. Mila sijawahi kuidharau, wewe ni shahidi. Niambie wewe, mimi nitakusikiliza. Wazee walifanya hivi?"

Atupakisye alitazama mlango wa chumba cha pili. Kisu kilikuwa bado kimya. Kutoka kitandani Geresoni alikohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani yake, na yeye akaliona kaburi, na Asukile peke yake ndani ya kaburi akichimba, na barabarani watu wakitazama miguu yao.

"Zamani," alijibu. "Zamani walifanya."

"Uliona?"

"Nilikuwa mdogo."

Saada alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea salamu. "Basi," alisema. "Kama ni mila, basi." Alisimama, akajifunika, akapita tena kule nyuma. Kisu kikaanza tena kukwangua. Atupakisye aliiacha sufuria ikaungua.

Jioni Asukile alimweleza kilichobaki. Jumapili baada ya ibada watu watakusanyika ghalani. Familia ya Saad imepewa mpaka Jumatatu. Kila nyumba itachukua jembe lake na kulilaza upya mbele ya watu, ishara kwamba imekubali. Kwa kuwa baba hawezi, mama atalaza. Na Ambindwile ana ombi. Kuna watu wameanza kunong'ona kwamba mila hii haijulikani, basi mama kama mkubwa wa kina mama wote atasimama aseme kwamba aliiona.

"Nani kamwambia niliiona?" aliuliza Atupakisye.

Asukile alitazama pembeni. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ana ndevu, lakini wakati ule alisimama kama siku aliyovunja mtungi.

"Mama, sema tu. Baba azikwe."

Siku tatu zile Atupakisye hakulala usingizi wa kueleweka. Kila jani la mgomba lililopigwa na upepo lilikuwa mtu. Alipokwenda kisimani wanawake walimpisha mbele, jambo ambalo hawakulifanya zamani, na kupishwa kule kulimtisha kuliko matusi. Walimwita shahidi. Mmoja alimsaidia kujitwika ndoo, akamwambia asante mama kwa kutukumbusha.

Jumapili uwanja wa ghala ulikuwa umefagiliwa. Watu walisimama kwa nyumba zao, wanaume mbele, wengi wamevaa makoti mazito kwa baridi. Wengine walitoka mbali kama Lupepo. Majembe yalipangwa ukutani, kila mwenyewe akachukua lake. Atupakisye alichukua lao, limetiwa mpini mpya wa Asukile, mweupe bado, unanukia. Ambindwile alisali, akawashukuru waliokuja, akamwita.

"Huyu ni juba kwetu sote," alisema, kwa neno la nyumbani la kumwita mama. "Atuambie alichokiona kwa wazee, tumalize, watu wakanywe chai."

Atupakisye alisimama mbele. Aliwatazama watu, akawafahamu wote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amejiandaa kusema maneno mawili yale yale, zamani walifanya. Lakini macho yake yalimwangukia Lazaro, amesimama mwisho wa mstari, amelikumbatia jembe lake kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na maneno yakatoka mengine.

"Sikuona," alisema. "Sijawahi kuona jembe langoni mwa mtu mpaka mwaka huu. Nilimdanganya Saada."

Alisikia sauti yake ikiendelea, ndogo, kama ya mtu mwingine aliye nyuma ya ukuta. "Mwaka wa ndui, kule kwenye nyumba ya pekee walikotengwa wagonjwa alikufa mama mmoja, na sisi wote tukakimbia. Aliyekwenda kumchimbia ni Naseeb. Alikuwa na makovu ya ndui tangu utoto, akasema yeye haimpati tena. Alichimba peke yake siku nzima. Yule mama alikuwa mama yako, Ambindwile. Labda hukuambiwa."

Watu waligeuka kumtazama Ambindwile. Atupakisye alidhani atakasirika, au ataaibika, na kwa dakika ndogo alitumaini.

Ambindwile alitabasamu kwa upole, akamsogelea mpaka akaweza kumnong'oneza, lakini hakunong'ona.

"Nilikuwepo, juba. Nilikuwa na miaka sita. Sikuhitaji kuambiwa." Aligeuka kwa watu. "Mgeni ndiye aliyemzika mama yangu. Ninyi mlikuwa wapi? Baba zenu walikuwa wapi?" Halafu akamrudia yeye. "Niliwabishia watu milango minne siku ile. Wa mwisho ulikuwa wako. Ulikuwa bi harusi, una khanga ya njano. Nilikuona kwenye ufa. Ukashusha komeo."

Atupakisye alilisikia lile komeo. Miaka thelathini na saba, na bado alilisikia lilivyoshuka, na kidole chake kilichobanwa hapo, na mtoto nje akilia kwamba ana njaa. Hakuwa amemsimulia mtu, hata Geresoni.

"Kwa hiyo ninawajua," Ambindwile aliwaambia watu, sauti ile ile ya chini. "Mkiachwa wenyewe, mnakimbia. Mkiogopa, mnazika. Mimi nimewafanya mzike. Anayetaka turudi kwenye milango ya makomeo, abaki na jembe lake."

Ndipo walipoanza kuyalaza. Hawakulazimishwa. Walikwenda mmoja mmoja, vichwa chini, na kila chuma kilipogusa kingine Atupakisye alishtuka. Alielewa kwamba maneno yake yamewasukuma hasa. Kila mtu pale alikuwa na mzazi aliyekimbia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia tena mbele ya macho yale. Lazaro naye alikwenda. Alilaza lake bila kuangalia mtu.

Asukile alimfuata mama yake, akaushika mpini. "Nipe nilaze mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nakuomba."

"Ni kweli sikufungua," Atupakisye alimjibu Ambindwile, juu ya bega la mwanawe. "Ndiyo maana leo silazi."

Aliuvuta mpini ukatoka mikononi mwa Asukile, akaondoka. Mgongo wake wote ulikuwa unasubiri jiwe. Jiwe halikuja. Nyumbani alilitundika jembe ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, akashusha komeo, kisha akalikumbuka, akaliinua tena, akaketi mlango ukiwa wazi mpaka giza lilipoingia. Asukile hakurudi kula.

Asubuhi ya Jumatatu msumari ulikuwa mtupu.

Jembe lilikuwa langoni, mpini mweupe ardhini, bamba juu. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za buti, kisigino cha kulia kimelika upande, buti za kiwandani za Asukile. Hakuna mwingine aliyejua msumari ule uko wapi gizani. Atupakisye alisimama akizitazama nyayo zinavyoingia ndani na kutoka, na akajikuta anahesabu hatua, kana kwamba zikipungua moja mambo yatakuwa mengine.

Alikuwa bado amesimama gari la Saad lilipopita, limebeba vitanda na mabati. Likasimama. Saada alishuka taratibu, akaliona jembe, akamwona yeye.

"Nilisikia ulichosema jana," alisema.

"Nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo." Saada hakumpunguzia. Alifungua khanga, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, kipya, kimepindwa kingo kwa mkono. "Cherehani imeshafungwa garini, nimeshona kwa sindano usiku. Nimekata kwa macho. Baba Asukile ni mrefu kuliko anavyoonekana amelala." Alimwekea mikononi. Hawakukumbatiana. Saad alikuwa anatazama barabara ya nyuma, mkono juu ya usukani, na injini haikuzimwa. Walikuwa wanakwenda Tukuyu mjini kwa wakwe zake, na baada ya hapo hawakujua.

Gari lilipomezwa na ukungu, Atupakisye aliling'oa jembe. Alikwenda kwenye migomba, ubavuni kwa kaburi la baba mkwe, akapima kwa kamba ya ng'ombe. Kumchimbia kaburi mtu aliye hai ni jambo la kutisha, na alijua watasema amemuua yeye. Lakini peke yake, kwa umri wake, angehitaji siku nne au tano, na kifua cha Geresoni hakikuwa na nyingi zaidi ya hizo. Alipiga jembe la kwanza, akasimama akisikiliza. Akapiga la pili.

Kutoka dirishani Geresoni aliuliza, kwa pumzi fupi fupi, kuna kelele gani nje. Alimjibu anachimba magimbi.

"Magimbi gani hayo asubuhi yote," Geresoni alisema. Akakohoa, akapumzika. "Asukile yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Basi chimba vizuri. Miguu yangu isikunjwe."

Alichimba. Jua halikuonekana. Shimo lilikuwa limefika kwenye magoti yake aliposikia majani makavu ya migomba yakivunjika nyuma, mtu anakuja, anasimama, anakuja tena. Hakugeuka. Alijiambia kama ni wao, wamkute anachimba, na akainua jembe, likabaki juu kwa sababu mikono haikutaka kulishusha.

Alisikia mtu akitemea mate viganjani.

Alikuwa Lazaro. Hakuwa na jembe, lake lilikuwa limelazwa ghalani. Alikuwa amekuja na sururu ya kuazima, ameificha ndani ya koti, na macho yake hayakutulia mahali pamoja, barabarani, kwenye ua, barabarani tena. Uso wake ulikuwa wa majivu kwa woga. Aliingia shimoni, akamsogeza mama pembeni kwa kiwiko, bila salamu.

"Juu hapa udongo ni mwepesi," alisema. "Chini kuna mawe. Mimi nilikutana nayo."